Kuti Kavu

Alhamisi, saa moja usiku, Dundee,
ghorofa ya pili juu ya duka la miwani.
Bi Elspeth anaandika neno moja ubaoni
na sisi tisa tunalinakili, makoti mwilini,
maana hita imekufa tangu Jumatatu.
Kudi, anasema.
Mimi nasikia kuti.

Ni la uwezo wa zamani, uwezo wa siku zote.
Tesfom aliweza kuteremka mlima kwa baiskeli
bila kushika usukani.
Danuta aliweza kukama ng'ombe wawili kabla ya shule.
Zamu yangu:
Korogwe, chumba cha brashi, niliweza
kutenga mkonge daraja la kwanza na la tatu
nimefumba macho, kwa kidole gumba tu.
Kuti, kuti. Safi kabisa, Mwanakombo.
Mama yake, anatuambia, alifuma magunia mtaa wa pili kutoka hapa,
na mitambo ilipozidi kelele
wanawake waliweza kusengenyana kwa midomo mitupu.
Anatuonyesha. Midomo inacheza, sauti hakuna.
Tunacheka, hatujui nani kasengenywa.

Lakini angalieni, anasema, kalamu juu:
ikiwa ni siku moja, jambo moja, na mkalipata,
kudi haifai. Hapo semeni wozebo.
Nyumba iliwaka, watu wakaweza kutoka. Wozebo.
Kwa nini? anauliza Danuta, ambaye huuliza.
Kwa sababu kudi inakwambia mlango ulikuwepo,
haikwambii kama mtu alipita.

Nikajisemea: ndilo lenyewe hilo.
Kuti kavu. Ulikalie mwaka mzima ukijisifu,
siku ya siku linakuachia.
Kwetu niliweza ni niliweza;
kilichobaki msikilizaji anakisoma usoni pako.

Kisha akafuta nusu ya ubao.
Kwenye kukanusha msihangaike, alisema,
hapo tofauti haipo. Kudenti inatosha
kwa siku zote na kwa siku moja.
Alilisema kwa wepesi, kama anayepunguza bei.

Siku moja.
Mwezi wa tatu, pasi yangu ya kusafiria imo ndani ya bahasha
kwenye ofisi ya serikali, mji mwingine,
na mama yumo ndani ya sanda, Korogwe,
na mazishi ni baada ya alasiri,
na alasiri haisubiri bahasha.
Niliandika sentensi yangu, maneno sita.
Bi Elspeth akaweka vema kwa wino wa kijani
akasogea kwa Tesfom.

Saa mbili na nusu. Kazi ya nyumbani ni kudi-hevu,
lile lililowezekana lisifanyike.
Nikamwambia hilo tunalo, tena limelala ndani ya kitenzi,
halitaki msaidizi: ningaliweza.
Akaniomba nirudie. Akajaribu mwenyewe,
ulimi ukamkwama kwenye ng,
niga, ninga, ningali,
akaishia hapo, akacheka, akafunga mkoba.

Hakujua kasema nini.
Sikumwambia.

Nikashuka ngazi na Danuta, mimi taratibu kwa sababu ya goti.
Jana asubuhi nilimpigia daktari simu.
Mwanangu alikuwa shule, wa kunitafsiria hakuna.
Nikataja jina, herufi moja moja, zote kumi,
nikataja tarehe ya kuzaliwa,
nikasema goti, nikasema la kushoto.
Kimya. Kibodi ikalia huko.
La kushoto, akasema yule dada,
njoo Jumanne saa nne kasorobo.

Wozebo, nikamwambia Danuta pale mlangoni,
upepo wa mto ukitupiga usoni.
Umeweza nini? akauliza.
Nikamhesabia yote mpaka basi likaja.